Namna ya kuendesha mjadala wa Twilight pale wasomaji wanapogawanyika

Weka riwaya ya Twilight mbele ya wasomaji kumi na wawili, iwe Kampala, Arua au Masindi, na kabla chai haijamiminwa utakuwa na kambi mbili. Wa kambi ya kwanza wamekisoma kitabu usiku kucha kwa tochi ya simu. Wa kambi ya pili hawaelewi binti mwenye akili zake anampendaje kijana anayemtamani damu. Mgawanyiko huo ndio mtaji wa kikao. Hupotea bure pale watu wanapobishana juu ya mambo matatu wakidhani ni jambo moja: kama kitabu kinapendeza, kama kimeandikwa vizuri, na kama mapenzi yaliyomo yanafaa kuigwa. Karibu kila ugomvi kuhusu mfululizo huu ni watu wawili wanaojibu maswali tofauti. Kazi ya mwongozaji ni kuyatenganisha maswali hayo na kuyashika yasichanganyike tena kwa dakika tisini.

Kabla ya kuita watu

Mwongozaji awe na mambo ya msingi kichwani, maana mabishano ya tarehe na majina hula muda. Mwandishi ni Stephenie Meyer, Mmarekani. Vitabu vikuu ni vinne: Twilight (2005), New Moon (2006), Eclipse (2007) na Breaking Dawn (2008). Mwaka 2015 alitoa Life and Death, yaani kisa cha kwanza kilichogeuzwa jinsia za wahusika. Mwaka 2020 akatoa Midnight Sun, kisa hichohicho kikisimuliwa na Edward. Filamu ni tano, za 2008 hadi 2012.

Kisa chenyewe: Bella Swan, miaka 17, anahama kutoka Phoenix kwenye jua kali na kwenda kuishi na baba yake Charlie, mkuu wa polisi wa Forks, mji mdogo wa mvua katika jimbo la Washington. Huko anampenda Edward Cullen, vampaya aliyezaliwa 1901 na kugeuzwa 1918 alipokuwa anakufa kwa homa kubwa ya mafua mjini Chicago. Familia ya Edward hunywa damu ya wanyama na kujizuia na ya watu. Jacob Black, kijana wa kabila la Quileute, anakuja kuwa mshindani wake, na huyo hugeuka mbwa mwitu.

Someni kitabu cha kwanza kizima, na kutoka vile vitatu vingine chukueni vifungu tu. Vinne kwa pamoja vinazidi kurasa 2,000, na klabu ikijitwisha vyote, nusu ya watu watafika hawajamaliza. Asiyemaliza hutetea au kushambulia kwa kelele kuliko aliyemaliza, kwa sababu hana ukurasa wa kumrudisha nyuma.

Nakala ni tatizo la kweli. Kwa wasomaji 12, nakala nne zinatosha mkizipangia zamu: kila nakala iwe na watu watatu, kila mtu akae nayo siku tisa. Kitabu cha kwanza kina kurasa karibu 500, kwa hiyo ni kurasa 55 hivi kwa siku, yaani chini ya saa mbili kwa msomaji wa kawaida. Zamu zote zinaisha kwa siku 27. Kwa shule ya bweni, anzeni wiki ya pili ya muhula mkutane ya saba. Mkichelewa zaidi ya hapo mtagongana na mitihani.

Ubaya wa zamu ni kwamba msomaji wa kwanza atakuwa amesahau mengi siku ya kikao. Dawa yake ni daftari linalosafiri pamoja na kitabu. Kila msomaji aandike mstari mmoja kwa kila sura: nani alifanya nini, na yeye alihisi nini. Kitabu kina sura 24, kwa hiyo ni mistari 24, haizidi kurasa mbili. Afunike mistari yake kwa karatasi iliyobanwa na klipu kabla ya kukabidhi, la sivyo wa pili ataiga hisia za wa kwanza.

Ukinunua nakala zilizotumika, zile zinazopangwa kando ya barabara mjini, fungua mwisho kabla ya kulipa. Kurasa za mwisho ndizo hulegea na kudondoka kwanza. Hakikisha pia ni kitabu cha kwanza, kwa sababu majalada yote ni meusi na yanafanana. Cha kwanza kina mikono miwili iliyoshika tufaha jekundu. Na kwa kuwa matoleo hayalingani namba za kurasa, katika klabu tajeni sura na maneno ya kwanza ya aya. Mtu akisema “ukurasa wa 210” na wenzake wanne wakakuta kitu kingine, dakika tano zimekwenda.

Filamu iliyotafsiriwa na vijei

Wasomaji wengi wa Uganda waliiona filamu kwenye kibanda cha video, ikiwa na sauti ya vijei anayetafsiri kwa Kiganda juu ya mazungumzo. Vijei hodari hatafsiri tu. Huongeza utani, huwapa wahusika tabia, huwacheka, huwaonya. Ndiyo raha ya kibanda. Lakini inamaanisha mtu anaweza kuja klabuni akamlaumu Bella kwa maneno ambayo Bella hakuyasema popote, au kumsifu Edward kwa maneno ya vijei.

Kanuni iwe moja na isemwe mwanzoni: hoja isiyo na sura haihesabiwi. Msiipige marufuku filamu, maana anayeijua filamu tu naye ana macho. Muulizeni aeleze tukio, kisha mwenzake alitafute kitabuni wote wasikie. Tofauti kubwa itajitokeza yenyewe. Kitabu kinasimuliwa na Bella kwa nafsi ya kwanza, kwa hiyo tunajua anachowaza na hatujui chochote asichokijua yeye. Filamu inatuonyesha hata mahali ambapo Bella hayupo. Msomaji aliyeona filamu kwanza humwona Bella ni binti mkimya asiye na la kusema. Aliyeanza na kitabu amekaa ndani ya kichwa chake kwa kurasa mia tano, na anajua hanyamazi hata dakika moja.

Kura tatu kabla ya neno lolote

Watu wakishaketi, kabla ya salamu ndefu, gawa vipande vya karatasi. Kila mtu aandike namba tatu, kila moja kati ya 1 na 5, bila jina:

1. Nilifurahia kiasi gani kusoma?
2. Kimeandikwa vizuri kiasi gani?
3. Ningeridhika kiasi gani dada yangu au mdogo wangu wa kiume akipendwa hivi?

Kura zipigwe kabla ya mazungumzo kwa sababu mtu wa kwanza kusema huvuta wengine, hasa akiwa mkubwa kwa umri au mwalimu. Binti wa S.2 (kidato cha pili) aliyekipenda kitabu hatakiri mbele ya kaka wa S.5 aliyekwisha kukiita cha kitoto. Karatasi inamlinda.

Usitafute wastani. Chukua mfano wa wasomaji 12 waliotoa namba hizi kwa swali la kwanza: 5, 5, 5, 5, 4, 4, 2, 2, 1, 1, 1, 1. Wastani ni 3, na hakuna hata mmoja aliyetoa 3. Chora mistari ubaoni, ukiweka alama moja kwa kila kura, ili watu waone vilima viwili na bonde katikati. Kisha chora kwa maswali mengine mawili. Tazama hasa karatasi zenye 5 juu na 1 chini, yaani watu waliofurahia sana kitu wasichokitaka nyumbani kwao. Taja ubaoni idadi ya karatasi hizo bila kuuliza ni za nani. Karatasi hizo zinawaonyesha wote kwamba mtu mmoja anaweza kukaa kambi zote mbili, na ghadhabu hupungua hapohapo.

Wenye timu ya Edward na timu ya Jacob wapewe dakika kumi za kupasha moto, zisizidi. Swali la “nani” hupendeza, lakini humaliza mazungumzo kwa sababu jibu lake ni jina tu.

Vifungu vya kusoma kwa sauti

Hapa ndipo kikao kinaponoga, na hapa mwongozaji asiharakishe. Chagua vifungu vitatu kwa kikao kimoja, kila kimoja kisizidi kurasa mbili, visomwe kwa sauti na mtu asiyekwamakwama.

Anza na la uandishi, kwa sababu haliumizi. Wanaosema kimeandikwa vibaya hulalamikia mambo mawili: urembo wa Edward unasifiwa mno, na hatari inachelewa kuja. Yote mawili yanaweza kupimwa. Gawa watu wawiliwawili, kila jozi ichukue sura moja na penseli, iweke mstari pembeni kila Bella anapotaja uso, macho, ngozi, sauti au nywele za Edward. Hesabuni. Kisha wapinzani waseme namba yao, na watetezi wajibu: msimulizi ni binti wa miaka 17 aliyependa kwa mara ya kwanza, je, mtu wa namna hiyo huhesabuje? Kuna jibu zuri pande zote. Nafsi ya kwanza inamruhusu msimulizi kurudia, lakini mwandishi ndiye anayechagua afute lipi. Tashbihi ya jiwe la marumaru ikija mara ya kwanza inatoa taswira. Ikirudi tena na tena, msomaji anairuka.

Kuhusu hatari, waonyeshe kwamba mavampaya wabaya wanatokea kwenye sura ya 17 na 18 kati ya 24, yaani karibu robo tatu ya safari imekwisha. Anayesoma kwa ajili ya taharuki ana haki ya kuchoka. Anayesoma kwa ajili ya mahaba atakwambia taharuki ilianza sura ya 1, darasani, Edward alipomkazia macho ya chuki, maana swali lake ni kama huyu kijana atamuuma au hatamuuma. Wote wawili wamesoma kitabu kilekile. Kila mmoja alishika swali tofauti tangu mwanzo, na ukiwafanya waliseme swali hilo kwa mdomo, ugomvi wa “kinachosha” dhidi ya “hakichoshi” unakwisha.

Halafu nenda kwenye vifungu vizito. Sura ya 14 ya kitabu cha kwanza Edward anakiri kwamba huingia chumbani kwa Bella usiku na kumtazama amelala. Katika New Moon Edward anamwacha Bella, na kitabu kinapitisha miezi minne kwa kurasa zenye majina ya miezi tu, Oktoba hadi Januari, bila neno jingine. Katika Eclipse Edward anatoa kifaa kwenye injini ya gari la Bella asiweze kwenda kumwona Jacob, na baadaye Jacob anambusu Bella bila ridhaa, Bella anampiga ngumi na kuvunjika mkono wake mwenyewe, na Charlie, baba mtu, anaonekana kumpongeza kijana. Kwa maoni yetu tukio hili la mwisho ndilo lenye thamani kubwa zaidi katika mfululizo wote kwa mjadala, kwa sababu wazazi na vijana hugawanyika juu yake vingine kabisa kuliko walivyogawanyika mwanzo. Wanaomlaumu Edward kwa injini wakati mwingine humsamehe Jacob kwa busu. Waulize kwa nini, na usiwasaidie kujibu.

Kila mnaposoma kifungu kizito, soma pia kinachofuata. Baada ya injini, Bella anakasirika, anafunga dirisha ambalo Edward huingilia, kisha analifungua tena. Na mbele zaidi Edward analegeza msimamo na kukubali kwamba uamuzi ni wa Bella. Mpinzani akisoma injini tu, au mtetezi akisoma toba tu, wote wanakata kitabu vipande wanavyovitaka.

Zoezi la A na B

Kiswahili kinatupa chombo ambacho wasomaji wa Kiingereza hawana. Kwa Kiingereza neno moja dogo linasema mara moja kama mtendaji ni mwanamume au mwanamke. Kwa Kiswahili “aliingia” haimtaji. Tumia hilo. Andika tukio kwa Kiswahili, ondoa majina, weka herufi:

“A huingia chumbani kwa B usiku, B hajui. Hukaa akimtazama B amelala. Hufanya hivyo karibu kila usiku. B anapoambiwa anaona haya, kisha anafurahi.”

“B anataka kwenda kumwona rafiki. A anaona safari ni ya hatari. A anafungua gari la B, anatoa kifaa kwenye injini. B hawezi kuondoka.”

Kila mtu aandike mambo mawili kwenye karatasi: A afanyiwe nini, na A ni mwanamume au mwanamke. Kusanya, soma kwa sauti, ndipo useme majina. Zoezi lifanywe kabla vifungu hivyo havijasomwa kitabuni, la sivyo wote watajua A ni nani na karatasi zitarudi na majibu ya timu zao. Kosa jingine ni kutumia maneno yenye hukumu ndani yake, kama “kunyemelea” au “kumlinda”. Andika kitendo kikavu.

Meyer mwenyewe aliwahi kujibu lawama kwamba Bella ni binti dhaifu anayeokolewa kila mara. Life and Death iliandikwa kwa sehemu kubwa kuonyesha kwamba binadamu yeyote katikati ya mavampaya ni dhaifu, awe wa kike au wa kiume. Mkiipata, someni tukio moja kutoka matoleo yote mawili. Wengine watakubali hoja yake. Wengine watasema kuokolewa hakujawahi kuwa tatizo lao, tatizo lao ni kuamuliwa. Hiyo ni hoja nyingine, na iandikwe ubaoni peke yake.

Zoezi la pili la lugha ni fupi. Soma sehemu ya sura ya 13, pale msituni kwenye uwanda wa maua, ambapo Edward anaeleza namna damu ya Bella inavyomvuta huku akimpenda. Waulize watu wachague neno la kutafsiria kinachomsukuma: kiu, uchu, hamu, shauku, ashiki, mahaba, upendo. Kila anayechagua aeleze kwa nini amekataa mengine. Anayesema “uchu” na anayesema “mahaba” wameshaonyesha tofauti yao yote kwa neno moja, bila kumtukana mtu. Katika klabu yenye wasemaji wa Kiganda, Kilugbara, Kiacholi au Kinubi, ongeza swali: lugha ya kwenu inasemaje? Waacheni wajadili kwa lugha yoyote, ila hitimisho liandikwe kwa Kiswahili ili wote wabaki pamoja.

Wanyonya damu wa huku kwetu

Usidhani neno vampaya linafika masikioni mwa watu likiwa tupu. Mwambao wana mumiani. Buganda ina abasezi, watu wanaosemwa kutembea usiku na kula maiti. Na wazee waliosikia habari za wakati wa ukoloni wanawajua bazimamoto, uvumi ulioenea Afrika Mashariki kwamba watu wa serikali, hasa wazimamoto, hukamata raia na kuwatoa damu. Mwanahistoria Luise White ameuandikia uvumi huo kwa kina, akionyesha jinsi watu walivyoutumia kusema habari za kazi, madaraka na hofu yao. Msomaji aliyelelewa na habari hizo anapokutana na vampaya mzuri wa sura, mwenye gari zuri, anayemeremeta juani, hachukizwi na ubaya wa uandishi. Anaona jambo la kutisha limefanywa la kupendeza. Mpeni dakika kumi aseme.

Tahadhari hapa ni moja na ni kubwa: ongeeni juu ya hadithi, kamwe juu ya jirani. Mtu akianza “kule kwetu kuna mzee mmoja…” mkatize kwa upole. Tuhuma za usezi huumiza watu halisi.

Jambo la Quileute nalo lina nafasi yake. Ni watu wa kweli, wanaishi La Push kwenye mwambao wa Washington. Masimulizi yao wenyewe husema wahenga wao walibadilishwa kutoka mbwa mwitu wakawa watu. Vita vyao na mavampaya ni vya Meyer. Kwa wasomaji wa Buganda swali linalofungua mlango ni hili: mwandishi wa mbali akichukua muziro wa ukoo wenu, yaani mnyama wa mwiko ambaye ukoo huitwa kwa jina lake, tuseme Ngeye au Mmamba, akaujengea hadithi ya mapenzi na kuiuza dunia nzima, ungetaka akuombe nini kwanza? Hata waliokipenda kitabu huchelewa kujibu hili, na kuchelewa huko kuna maana.

Ndoa, mtoto, na umri

Breaking Dawn ndicho kitabu kinachowagawanya hata wapenzi wa mfululizo. Bella anaolewa akiwa na miaka 18, anapata mimba ya hatari na kukataa kuitoa, na Jacob anafungamana na mtoto mchanga wa Bella kwa nguvu asiyoichagua. Kwa wanafunzi wa S.1 hadi S.4 zungumzeni juu ya ndoa tu, mengine yabaki kwa S.5, S.6 na watu wazima.

Katiba ya Uganda, kifungu cha 31, inaweka miaka 18 kuwa umri wa kuoa na kuolewa, kwa hiyo hoja ya sheria hapa haina kazi. Kinachobaki ni utayari. Renée, mama yake Bella, aliolewa mapema akajuta, na Bella anaogopa kumwambia. Swali zuri: ssenga wake, yaani shangazi anayemfunda binti, angemwambia nini? Mpe mwanamke mzima mmoja nafasi ya ssenga, binti mmoja nafasi ya Bella, dakika saba, bila wengine kuingilia. Wazazi wa dini mara nyingi hushangaa kugundua kwamba Edward ndiye anayesisitiza kungoja mpaka ndoa. Baadhi yao hubadili namba yao ya swali la tatu papo hapo.

Kuhusu Jacob na mtoto, watetezi watasema maandishi yanaeleza kifungo hicho kuwa cha ulinzi, kama wa kaka mkubwa. Wapinzani watauliza kwa nini mustakabali wa mtoto uamuliwe kabla hajajua kusema. Someni kifungu chenyewe, kila upande upewe dakika tano, kisha endeleeni. Hapa hakuna mwafaka na kuutafuta ni kupoteza jioni.

Mambo yanayoharibu kikao

Kicheko cha kwanza. Mtu akimcheka aliyekipenda kitabu, wapenzi wote wa kitabu hunyamaza mpaka mwisho, na mtabaki na mjadala wa upande mmoja. Hutokea zaidi wavulana wanapowacheka wasichana, na sababu yake haina uhusiano na vampaya: vitu vinavyopendwa na wasichana hudharauliwa upesi. Dawa ni kumuuliza anayecheka, kwa sauti ya kawaida, “Sentensi ipi?” Asipokuwa nayo, asubiri zamu yake.

Kubadilishana upande mapema mno. Wanaoshambulia watetee kwa dakika saba, na wanaotetea washambulie. Lifanyike baada ya vifungu kusomwa, kamwe mwanzoni, kwa sababu mtu hawezi kutetea asichokisikia. Mtunza saa awe mtu mwingine, mwongozaji hawezi kushika saa na watu pamoja.

Pingamizi la imani. Mzazi au mwalimu akisema ni kitabu cha mashetani, msimjibu kwa kejeli. Hayuko peke yake duniani: Chama cha Maktaba cha Marekani kilikiweka kwenye orodha ya vitabu kumi vilivyolalamikiwa zaidi mwaka 2009, nafasi ya tano, na tena 2010, nafasi ya kumi. Mwombeni aonyeshe sehemu inayomsumbua, isomwe, na mwanafunzi ambaye mzazi wake hataki apewe kitabu kingine bila kuaibishwa.

Siri inayotoka mdomoni. Mnapozungumza juu ya injini na dirisha, binti anaweza kusema, “Mwalimu, hata wangu hunichukulia simu.” Usiendelee na swali hilo mbele ya watu. Sema, “Asante, tutaongea baadaye,” peleka mazungumzo kwa mwingine, na siku hiyohiyo mkutanishe na mwalimu wa kike anayewasimamia wasichana. Namba ya bure ya Sauti, 116, ni ya watoto wa Uganda nzima, iandikeni pembeni ya ubao tangu mwanzo ili isionekane imeletwa kwa ajili ya mtu mmoja.

Ukubwa wa kundi. Watu 8 hadi 14 ndio wanaosikilizana. Wakizidi, gawanya vikundi viwili na muungane dakika 15 za mwisho.

Karatasi ya ubao wa matangazo

Mwisho wa kikao pigeni tena zile kura tatu, kwenye karatasi za rangi nyingine ili zisichanganyike na za mwanzo. Mwandishi wa kikao atengeneze ukurasa mmoja wa kubandika: idadi ya wasomaji, vilima vya kura za mwanzo na za mwisho vikiwa sambamba, hoja mbili zenye nguvu kutoka kila upande zikiwa na namba ya sura, na swali moja ambalo halikupata jibu. Majina ya wasomaji yasiwemo. Maneno “wengi walisema” yasiwemo pia, iandikwe namba. Bandikeni siku hiyohiyo kabla ya chakula cha jioni, wakati watu bado wanabishana kwenye foleni, na acheni nafasi tupu ya vidole vinne chini ya ukurasa pamoja na penseli iliyofungwa kwa uzi, kwa ajili ya wale ambao hawakuja.